Kundi D: Nasaba Adimu ya Baba na Wajapani wa Kale

Wanachuo wenzangu, wengi wetu mada ya urithi tuliisoma kidato cha nne kwa mwendo wa kuwahi mtihani. Tulikariri njegere za Mendel, tukakariri XX na XY, tukafunga daftari. Leo naomba turudi kwenye ile herufi Y, maana ndani yake kuna historia ambayo wengi hatukuwahi kufundishwa. Mimi nasomea ualimu, Biolojia na Jiografia, na mada hii imenishika kwa sababu inaunganisha masomo yangu yote mawili. Halafu inagusa swali ambalo hata kwenye vimbweta vyetu hapa chuoni huwa linawasha moto: nani ni mwenyeji wa asili, na nani anayo haki ya kusema hivyo?

Mfano wetu ni Japani. Ukiwapanga wanaume wa dunia kwa kufuata kromosomu Y zao, unapata makundi makubwa yaliyopewa herufi kuanzia A hadi T. Wataalamu huyaita haplogrupu; mimi hapa nitasema tu makundi ya nasaba ya baba. Kundi D ni moja ya yale adimu. Ulaya karibu hulioni. Kwa wenyeji wa asili wa bara la Amerika hulioni. Limejikusanya hasa sehemu tatu zilizo mbalimbali: visiwa vya Japani, nyanda za juu za Tibet, na visiwa vya Andaman kule Bahari ya Hindi. Kati ya Tibet na Japani ipo Uchina nzima yenye watu zaidi ya bilioni moja, na humo kundi D ni la kuokoteza. Sasa ilikuwaje?

Y inavyotunza kumbukumbu

Tuanze na utaratibu wenyewe. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu. Katika jozi 22, mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na vipande huchanganywa upya kila kizazi, kama mtu anavyochanganya karata. Jozi ya 23 ndiyo ya jinsia. Mama hutoa X kila mara. Baba akitoa X anazaliwa binti; akitoa Y anazaliwa mvulana. Kwa kuwa Y haina pacha wa kufanana naye, sehemu yake kubwa haichanganywi. Inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu vilevile ilivyokuwa. Mpangilio wake kamili, wenye herufi zipatazo milioni 62, ulikuja kukamilika kusomwa mwaka 2023 tu. Kati ya kromosomu zote za binadamu, yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nimesema "karibu vilevile" kwa makusudi. Fikiria desa linalonakiliwa kwa mkono, mwaka wa tatu wanawapa wa pili, wa pili wanawapa wa kwanza, miaka nenda rudi. Siku moja mtu mmoja ananakili kwa haraka na kuandika neno vibaya. Kuanzia hapo kila atakayenakili kwake atabeba kosa lile lile. Miaka kumi baadaye ukikusanya madesa yote ya chuo, unaweza kuyapanga: haya yana kosa la kwanza peke yake, haya yana la kwanza na la pili, haya hayana hata moja. Bila kumuuliza mtu, unajua desa gani lilitoka kwa lipi. Wataalamu wa jeni wanafanya hivyo hivyo na Y. Kila badiliko dogo la herufi ni kosa la kunakili, na wanaume wote wenye badiliko hilo wametoka kwa mwanamume mmoja aliyelipata kwanza.

Badiliko moja lililofungua mjadala wa Japani linaitwa YAP. Ni kipande cha herufi kama 300 kilichojipachika ndani ya Y zamani sana. Miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani Michael Hammer na wenzake walikuta kipande hiki kwa wingi kwa wanaume wa Afrika, jambo ambalo halikuwa ajabu sana. Kilichoshangaza ni kwamba kilikuwepo kwa wingi pia Japani, ilhali kwa majirani zao wa Korea na Uchina kilikuwa haba mno. Mwaka 1995 Hammer na Satoshi Horai walichapisha utafiti wakilitumia badiliko hili kueleza jinsi visiwa vya Japani vilivyopata watu wake.

Hapa pana uhusiano na sisi, na ni muhimu kuusema kwa usahihi. YAP ni alama ya shina moja lililozaa matawi mawili, D na E. Tawi E ndilo lililotapakaa Afrika. Tawi lake moja, E1b1a, ndilo la kawaida zaidi kwa wanaume wa jamii za Kibantu, kwa hiyo kaka zetu na baba zetu wengi hapa Afrika Mashariki wamo humo. Tawi D likaenda Asia. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliosoma Y za wanaume watatu wa Nigeria zenye tawi la kale sana lililo upande wa D, tawi ambalo halikuwa limetambuliwa vizuri kabla ya hapo. Hilo liliongeza nguvu hoja kwamba D na E ziliachana humu humu Afrika.

Msije mkatoka hapa mkasema Wajapani ni binamu zetu wa juzi. Matawi haya yaliachana zaidi ya miaka 65,000 iliyopita. Hakukuwa na Mbantu, hakukuwa na Mjapani, hakukuwa hata na jembe. Binadamu wote wana asili ya Afrika. Alama hii inatuonyesha njia moja tu kati ya nyingi.

Watu wa vyungu vya kamba

Sasa twende Japani yenyewe. Mwaka 1877 mwanazuolojia Mmarekani, Edward S. Morse, alichimba lundo la kale la magamba ya kombe sehemu iitwayo Omori, Tokyo. Alikuta vigae vya vyungu vilivyopambwa kwa kugandamiza kamba kwenye udongo mbichi. Neno la Kijapani la alama hizo za kamba ni Jomon, na likawa jina la zama nzima na la watu wake.

Vyungu vya mwanzo kabisa vya Japani vina umri wa miaka 16,000 hivi, na ni miongoni mwa vya kale zaidi duniani. Waliovifinyanga hawakuwa wakulima wa nafaka. Walivua samaki, walikusanya kombe, waliwinda nguruwe pori na paa, waliokota mbegu za miti ya msituni. Tulizoea kufundishwa kwamba mtu anaanza kulima kwanza, ndipo anatulia na kufinyanga. Wajomon walifinyanga na kukaa vijijini kwa maelfu ya miaka bila mashamba ya mpunga. Mwaka 2021 maeneo 17 ya kale ya Wajomon kaskazini mwa Japani yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwanajiografia anauliza: waliingiaje? Wakati wa enzi ya barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda na bahari ilishuka. Kisiwa cha Hokkaido kiliungana na Sakhalin, na Sakhalin iliungana na bara. Kusini, mlango wa bahari kati ya Korea na Kyushu ulikuwa mwembamba kuliko leo. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, na waliokuwa visiwani wakabaki huko wakizaana wenyewe kwa muda mrefu. Kundi D la Japani, tawi linaloitwa D-M55, lilipata sura yake ya pekee katika upweke huo. Ndiyo maana wenye D wa Tibet na wenye D wa Japani, ingawa wana shina moja, matawi yao ni tofauti na yaliachana makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Ushahidi hautoki kwa watu walio hai peke yao. Katika kisiwa cha Rebun, nje kidogo ya Hokkaido, kuna makaburi ya Wajomon sehemu iitwayo Funadomari. Mwaka 2019 ilichapishwa jenomu ya mwanamke aliyezikwa pale miaka kama 3,800 iliyopita, iliyosomwa kwa undani mkubwa. Alikuwa na badiliko la jeni linalohusiana na kumeng'enya mafuta kwa wingi, jambo linaloendana na watu walioishi kwa kula wanyama wa baharini. Naye mwanamume wa makaburi hayo hayo alikutwa na Y ya kundi D. Yaani kundi hili halikukisiwa kutoka kwa watu wa leo tu. Limetolewa kwenye mifupa.

Halafu wakaja wakulima. Karibu miaka 3,000 iliyopita mpunga wa majaruba uliingia kaskazini mwa Kyushu kutoka Rasi ya Korea, pamoja na watu waliojua kuulima. Zama hizo zinaitwa Yayoi, jina la mtaa wa Tokyo ulikopatikana mtungi wa kwanza wa aina yao. Wageni waliongezeka, wakaoana na wenyeji, na baadaye, zama za Kofun, wakaingia wengine tena kutoka bara. Mwaka 1991 Kazuro Hanihara alieleza kwamba Wajapani wana asili mbili, Jomon na Yayoi, na kwamba pembezoni, Hokkaido kaskazini na Okinawa kusini, asili ya Jomon ilibaki nzito zaidi. Utafiti wa mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2021 ulipendekeza asili tatu, wageni wa Kofun wakihesabiwa peke yao.

Namba na mtego wake

Sasa namba. Kwa wanaume wa visiwa vikuu vya Japani, kundi D linabebwa na kama theluthi moja. Okinawa linafika karibu nusu. Kwa Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, utafiti wa mwaka 2004 ulilikuta kwa wanaume 14 kati ya 16. Mwanafunzi wa takwimu hapo lazima ainue mkono: watu 16 ni sampuli ndogo. Ni kweli, ila picha inaeleweka.

Lipo na kundi jingine adimu zaidi, C1a1, linalobebwa na takriban asilimia 5 ya wanaume wa Japani, na nje ya Japani karibu halipo. Ndugu yake wa karibu kwenye mti wa nasaba, C1a2, alikutwa kwenye mifupa ya mwindaji wa miaka 7,000 iliyopita katika pango la La Braña, Hispania. Mmoja mwisho wa mashariki wa bara, mwingine mwisho wa magharibi, na katikati wamepotea.

Mtego upo hapa. Ukisikia theluthi moja ya wanaume wana Y ya Jomon, haraka haraka unasema theluthi moja ya asili ya Wajapani ni Jomon. Sivyo. Jenomu nzima ikisomwa, kromosomu zote, asili ya Jomon kwa Wajapani wa visiwa vikuu inatoka kama asilimia 10 hadi 20. Utafiti wa taasisi ya RIKEN uliochapishwa mwaka 2024, uliosoma jenomu za watu zaidi ya 3,200, ulipata asilimia 28.5 Okinawa na asilimia 13.4 magharibi mwa Japani. Kwa hiyo Y inasema theluthi, na mwili mzima unasema sehemu ndogo zaidi ya hapo. Hakuna anayedanganya. Wanajibu maswali mawili tofauti.

Piga hesabu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, wa juu yao 8. Ukirudi vizazi kumi, kama miaka 250, una nafasi 1,024 za wahenga. Y inamfuata mmoja tu kati yao: baba wa baba wa baba, hadi mwisho. Wale 1,023 wengine haiwajui. Mwanamume wa Osaka anaweza kuwa na Y ya mwindaji wa Jomon huku wahenga wake wengine karibu wote wakiwa wakulima wa mpunga kutoka bara. Mwingine anaweza kuwa na Y ya kutoka bara na akawa amerithi Jomon kwa wingi kupitia kwa mabibi zake.

Tena nasaba moja ya baba inaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu. Mwenye watoto wa kiume saba anaieneza. Mwenye mabinti watupu, hata wawe kumi, Y yake inakomea kwake. Utafiti wa mwaka 2019 uliosoma Y za wanaume 345 wa Japani ulionyesha kwamba Wajomon walipungua sana karibu na mwisho wa zama zao, kisha wazao wao wakaongezeka tena wakati wa Yayoi. Maelezo mojawapo ni kwamba wanaume wa Jomon waliojiunga mapema na maisha ya kilimo waliongezeka pamoja na wakulima.

Mabinti nao?

Nilipokuwa field, nikifundisha kidato cha nne, niliwachorea wanafunzi mstari wa Y ubaoni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo sisi wasichana hatuna nasaba?" Darasa likacheka. Lakini yeye alikuwa hatanii, na swali lake nalichukulia kuwa ndilo zito kuliko yote katika mada hii.

Mimi mwenyewe ni binti. Sina Y hata moja. Kaka yangu anayo, na tumetoka tumbo moja, kwa baba mmoja. Ukifuata Y peke yake, kaka ana historia ndefu ya maelfu ya miaka na mimi sina lolote. Isitoshe, mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ana sauti kuliko wengi wanavyodhani. Jirani yangu hapa hosteli ametoka jamii inayohesabu kwa baba tu. Hakuna kati yetu anayekosea, ila kila jamii imechagua mstari mmoja wa kuukumbuka na mingine ikaiacha ififie. Kromosomu Y nayo inakumbuka mstari mmoja. Tofauti ni kwamba yenyewe haikuchagua. Haina uwezo wa kukumbuka mwingine. Nilimjibu yule binti kwamba nasaba anayo kamili, kwenye kromosomu zake zote 46, na ipo hata DNA ya mitokondria ambayo hupitishwa na mama tu. Kisha nikawapa darasa kazi ya kuhesabu nafasi 1,024.

Mifupa ina wenyewe

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu sayansi ya asili imewahi kutumika vibaya, na Waainu ni mashahidi. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitunga sheria iliyodai kuwalinda, kumbe iliwasukuma waache uwindaji, lugha na desturi zao. Sheria hiyo ilidumu hadi 1997. Katika miaka hiyo maprofesa walifukua makaburi ya Waainu, mara nyingi bila ridhaa ya ndugu, wakapima mafuvu ili kujua "wametoka wapi". Serikali ilipohesabu, ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha mabaki ya Waainu zaidi ya 1,600 katika vyuo vikuu vya Japani, mengi kati yake Chuo Kikuu cha Hokkaido. Baada ya kesi mahakamani, mwaka 2016 baadhi yalirudishwa Urakawa yakazikwa upya. Bunge lilitambua Waainu kuwa wenyeji wa asili kwa azimio la 2008, na sheria ikalitamka hilo mwaka 2019.

Tanzania hili tunalijua. Mafuvu ya watu wetu yalipelekwa Ujerumani wakati wa ukoloni kwa sababu hizo hizo za kupima. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimelinganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai Tanzania. Kichwa cha Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, bado kinatafutwa. Angalieni basi: kipimo ni kile kile, DNA. Kikitumika kwa ridhaa, kinamrudishia mtu babu yake. Kikitumika bila ridhaa, kinamgeuza babu kuwa kielelezo cha kabatini.

Waainu hawakuhitaji Y ili wawe wenyeji wa Hokkaido. Walikuwa na lugha, majina ya mito, nyimbo na makaburi. Kipimo kimekuja baadaye kikaunga mkono sehemu ya hadithi yao, tena sehemu ndogo. Mwainu wa kike, au Mwainu ambaye baba yake ni Mjapani wa Tokyo, si Mwainu nusu kwa sababu ya herufi moja.

Walimu wenzangu mnaokwenda field mwakani, mkifika kwenye mada hii naomba mfundishe maswali matatu pamoja na XX na XY. Mtu akileta jibu la kipimo cha asili: kimefuata mstari mmoja au jenomu nzima? Kimelinganisha na sampuli ya watu wangapi, wa wapi? Na waliotoa damu au mifupa, waliulizwa? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hayo matatu ameielewa mada, hata kama jina D-M55 litamtoka kichwani siku mbili baada ya mtihani.